Kibali cha kidiplomasia kwa ndege za jeshi, na jinsi ontolojia inavyosaidia: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Kwa miaka kadhaa nilikuwa Dar es Salaam, kwenye ofisi iliyoandaa maombi ya vibali vya ndege. Sasa nimerudi nyumbani Mtwara, na jioni tatu kwa wiki nakaa na vijana wanne hapa Shangani tukijenga ontolojia ya vibali vya ndege za jeshi, yaani maelezo ya kanuni zake ambayo kompyuta inaweza kuyasoma. Si mfumo wa serikali. Ni kielelezo cha kujifunzia, na hakuna ndege iliyowahi kuruka kwa kukitegemea. Nimeandika hapa maswali yanayorudi kila tunapoeleza kazi hii, iwe mjini, Mikindani au kule Lindi.

Kwa nini ndege ya jeshi isipite tu kama zinavyopita za abiria?

Mkataba wa Chicago wa tarehe 7 Desemba 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga duniani, uliandikwa kwa ajili ya ndege za kiraia. Kifungu cha 1 kinaitambua kila nchi kuwa na mamlaka kamili na ya peke yake juu ya anga lake. Kifungu cha 3 kinaziweka kando ndege za dola, kisha kinasema zisipite juu ya nchi nyingine wala kutua humo bila idhini, na zikishaidhinishwa zifuate masharti ya idhini hiyo.

Kazi yetu yote imo katika neno hilo, masharti. Kila nchi ina ya kwake: maombi yaletwe siku ngapi kabla, silaha zitajwe vipi, kamera zifungwe au zisifungwe, mzigo wa hatari uruhusiwe au la, kibali kidumu saa ngapi ndege ikichelewa. Safari inayokatiza nchi nne ina masharti ya namna nne, yameandikwa kwa lugha tofauti, na mengine hubadilika katikati ya mwaka.

Ndege ya dola ni ipi? Ni ile inayomilikiwa na serikali?

Hapana, na hapa wengi hukosea. Mkataba unatazama kazi inayofanywa. Ndege inayotumika katika huduma za jeshi, forodha au polisi ndiyo huhesabiwa kuwa ya dola. Serikali inaweza kumiliki shirika la ndege la abiria na ndege zake zikabaki za kiraia.

Tatizo huanza pale ndege ya kampuni binafsi inapokodiwa kubeba askari. Nchi moja itasema hiyo ni ya dola, jirani yake atasema ni ya kiraia. Kwa hiyo katika ontolojia hatukuandika ukweli mmoja kwa dunia nzima. Tumeandika kwamba kwa tafsiri ya nchi fulani, ndege yenye sifa hizi iko kundi hili. Ndege ileile inaweza kuwa ya dola asubuhi ikiwa juu ya nchi moja na ya kiraia mchana ikiwa juu ya nyingine, bila programu kuona mgongano.

Kibali hutolewa na nani?

Kwa kawaida ubalozi wa nchi yenye ndege, mara nyingi kupitia mwambata wa kijeshi, huandika barua rasmi kwa wizara ya mambo ya nje ya nchi inayoombwa. Wizara nayo huwasiliana na jeshi, mamlaka ya usafiri wa anga na wengine wanaohusika. Jibu hurudi kwa njia hiyohiyo likiwa na namba ya kibali.

Ontolojia ni kitu gani?

Ni maelezo ya mambo ya fani fulani na uhusiano wake, yaliyoandikwa kwa ukamilifu kiasi kwamba mashine inaweza kuyasoma na kuhitimisha jambo ambalo hakuna aliyeliandika.

Chukua neno ndege. Kuna ndege anayejenga kiota kwenye mkorosho na kuna ndege iliyosimama kiwanjani. Sisi neno hilo halitutatizi, maana sentensi yenyewe hutuonyesha: "ndege ametua" si sawa na "ndege imetua". Mashine haina masikio hayo. Kwa hiyo kila kitu hupewa anwani yake ya kipekee, ile inayoitwa URI, na ndege wa kiota anakuwa na anwani moja, ndege ya kiwanjani nyingine.

Sasa chukua mjomba. Kwetu Wamakonde mjomba ni mtu mzito, na kila mtoto anajua kwamba mjomba ni ndugu wa kiume wa mama, si wa baba. Wa baba ni baba mkubwa au baba mdogo. Katika OWL 2, lugha ya ontolojia iliyoidhinishwa mwaka 2009 na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, unaweza kuandika kwamba ukifuata uhusiano wa "mama" kisha uhusiano wa "ndugu wa kiume", unafika kwa "mjomba". Unaiambia mashine tu kwamba mama yake Asha ni Zuhura, na ndugu wa kiume wa Zuhura ni Bakari. Hujaandika popote kwamba Bakari ni mjomba wa Asha, lakini ukiuliza utaambiwa. Mnyororo huohuo wa mjomba ndio tunaoutumia kwa ndege, kama utakavyoona chini.

Mbona Excel ingetosha?

Ingetosha kama maneno yangekuwa na maana moja kwa kila anayeyasoma. Nieleze kilichonifanya niingie kwenye kazi hii.

Kule ofisini nilipokea ombi la simu: ndege itaondoka Mtwara, itakwenda Pemba, imebeba mahema na dawa. Mimi ni mtoto wa kusini, nikaelewa Pemba ya Cabo Delgado, Msumbiji. Mwenzangu aliyepokea karatasi zangu ni wa visiwani, naye akaelewa Pemba ya kwao. Kwenye jedwali letu safu ya "mwisho wa safari" ilisomeka "Pemba", na wote wawili tuliona imejazwa sawasawa. Yeye akaweka alama kwamba ni safari ya ndani, haihitaji kibali cha nje. Tuligundua jioni, baada ya rubani kupiga simu kuulizia namba ya kibali cha Msumbiji. Mahema yalilala kiwanjani siku mbili.

Hakuna aliyekuwa mzembe siku ile. Pemba ya Zanzibar iko kaskazini, na msimbo wa uwanja wake ni HTPE. Pemba ya Msumbiji iko kusini, takriban kilomita 300 kutoka Mtwara, na msimbo wake ni FQPB. Herufi mbili za mwanzo zinaeleza nchi: HT ni Tanzania, FQ ni Msumbiji. Utasema basi tungeandika misimbo tu kwenye Excel. Ni kweli, na ingetuokoa siku ile. Lakini jedwali lisingejua kwamba FQPB kuwa Msumbiji kunamaanisha kibali, wala kwamba kuifikia ni lazima uvuke Mto Ruvuma na kuingia anga la nchi nyingine, wala kwamba mto huo Wareno waliuandika Rovuma na mkoa wetu jirani unaitwa Ruvuma pia. Yote hayo yalikaa vichwani mwetu, na vichwa vyetu siku ile havikukubaliana.

Tuonyesheni kwa macho.

Haya. RDF, namna ya kuandika taarifa kwa ajili ya mashine ambayo toleo lake la kwanza liliidhinishwa mwaka 1999, huandika kila jambo kwa sentensi ya sehemu tatu: kitu, uhusiano, kitu.

:Safari07 :inatumia :NdegeA .
:NdegeA :inafanyaHuduma :Jeshi .
:NdegeA :niYa :Tanzania .
:Safari07 :inaondoka :HTMT .
:Safari07 :inatua :FQPB .
:HTMT :ikoKatika :Tanzania .
:FQPB :ikoKatika :Msumbiji .

HTMT ni uwanja wa Mtwara. Tumeongeza kanuni tatu. Ya kwanza: ndege inayofanya huduma ya jeshi ni ndege ya dola. Ya pili ni ya mjomba: ukifuata "inatua" kisha "ikoKatika", unapata "inaingiaNchi". Ya tatu: safari ya ndege ya dola ikiingia nchi ambayo si ya ndege hiyo, inahitaji kibali cha nchi hiyo.

Jioni ya kwanza tulipoiwasha, programu haikusema lolote kuhusu kibali. Kijana mmoja alikagua mstari kwa mstari, hakuna kosa. Tulihangaika mpaka saa nne usiku ndipo nikakumbuka: OWL haidhani kwamba majina mawili ni vitu viwili. Kwake, Tanzania na Msumbiji zingeweza kuwa nchi moja yenye majina mawili, kama mtu anavyoitwa Mohamedi nyumbani na Mudi mtaani. Hakuna mtu Mtwara ambaye angefikiri kuandika kwamba ng'ambo ya Ruvuma ni nchi nyingine. Tukaandika kwamba hizi ni tofauti, tukawasha tena, na sentensi ikatokea: Safari07 inahitaji kibali cha Msumbiji. Vijana walipiga kelele hadi jirani akafungua dirisha.

Kisanduku kikiachwa wazi kwenye fomu, programu inaelewa nini?

Hapa ndipo ontolojia ilipo nzito, na ndipo inapookoa watu. Katika hifadhidata ya kawaida, safu ya "mzigo wa hatari" ikiwa tupu, watu huisoma kuwa hakuna mzigo wa hatari. OWL haifanyi hivyo. Kwake, lisilosemwa halijulikani. Linaweza kuwepo au lisiwepo. Kwa ndege ya jeshi huo ndio uangalifu unaotakiwa. Bidhaa za hatari zimegawanywa katika makundi 9, na la 1 ni milipuko. Ofisa anayepokea ombi akiona patupu, hawezi kuweka saini kwa kudhani.

Lakini ukiiacha hivyo tu, programu itakaa na "sijui" milele. Kwa hiyo tunaongeza SHACL, iliyoidhinishwa mwaka 2017, ambayo kazi yake ni kukagua kama taarifa zimekamilika. OWL inahitimisha; SHACL inarudisha fomu: "Hujasema kama kuna bidhaa za kundi la 1. Andika ndiyo au hapana." Naona jambo hili moja, kujua kilichopungua ndani ya dakika badala ya kuambiwa baada ya siku tatu, lina faida kuliko mengine yote tuliyojenga.

Na saa? Sisi tunahesabu saa zetu.

Usafiri wa anga hutumia UTC, saa moja inayofuatwa dunia nzima, nasi tuko saa tatu mbele yake. Saa mbili asubuhi ya Mtwara ni 08:00 ukihesabu saa za hapa kuanzia usiku wa manane, na ni 05:00 UTC. Nimewahi kuona fomu iliyoandikwa 02:00 kwa sababu aliyeambiwa kwa simu alisikia "saa mbili".

Tarehe nazo zina mtego. Wazee wa mwambao wakisema "usiku wa Jumanne" wanamaanisha usiku wa kuamkia Jumanne, yaani ule ambao kalenda ya ofisini inauita Jumatatu. Siku yao huanza jua linapozama. Ndege inayopita usiku wa manane inaweza kuombewa kibali cha siku isiyo yake. Ndani ya ontolojia muda wote huandikwa kwa namna moja, 2024-08-12T05:00:00Z, na herufi ile ya mwisho inasema ni UTC. Mtu anasomewa kwa saa anazozijua yeye, lakini kinachotunzwa ni kimoja.

"Siku tano za kazi" ni siku ngapi?

Inategemea ni kazi ya nani. Tuseme ofisi ya Tanzania inataka ombi siku 5 kamili za kazi kabla ya safari, na ndege itafika Jumatatu tarehe 12 Agosti 2024. Anayehesabu haraka atarudi nyuma Ijumaa, Alhamisi, Jumatano, Jumanne, Jumatatu, na atasema mwisho ni tarehe 5. Lakini Alhamisi ile ni Nane Nane, ofisi zimefungwa. Mwisho ni Ijumaa tarehe 2. Mgeni aliye mbali hana sababu ya kujua hilo, kama sisi wengi tusivyokumbuka kwamba tarehe 25 Juni Wamsumbiji wanasherehekea uhuru wao, au kwamba Misri hupumzika Ijumaa na Jumamosi.

Idd ni ngumu zaidi, kwa sababu hutegemea mwezi kuandama. Tumeiweka kama sikukuu yenye tarehe mbili zinazowezekana, na programu hutoa siku ya mwisho iliyo salama kwa zote mbili.

Ndege ikipita baharini, nje ya pwani yetu, inahitaji kibali?

Anga la nchi linaishia pale bahari yake ya eneo inapoishia, maili za baharini 12 kutoka mstari wa pwani kwa mujibu wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982. Nje ya hapo ni anga la kimataifa. Watu huchanganya anga la nchi na eneo la taarifa za ndege, ambalo nchi hupewa ili iongoze ndege kwa usalama. Eneo la Dar es Salaam na lile la Beira yote yanaenda mbali baharini kupita maili 12. Kuongoza ndege mahali si kupamiliki. Ndege ya dola ikiwa huko haihitaji idhini ya kupita, ila inawajibika kujali usalama wa ndege za kiraia.

Katika ontolojia tumeviweka kuwa vitu viwili visivyochanganyika kabisa. Kuhusu kama mstari wa safari unakata mpaka au la, OWL haipigi hesabu za ramani. Hapo tunatumia GeoSPARQL, lugha ya kuuliza maswali ya ramani.

Kanuni zenye "isipokuwa" mnazifanyaje?

Kwa shida, nisifiche. Sheria zimejaa isipokuwa: siku 5, isipokuwa kwa misaada ya dharura; hakuna kutua usiku, isipokuwa kwa mgonjwa. OWL ikishahitimisha jambo haiwezi kulifuta kwa sababu umeongeza taarifa mpya. Tunachofanya ni kuandika kila kanuni na mazingira yake kamili tangu mwanzo, yaani "safari ya kawaida" na "safari ya dharura" kama makundi mawili yasiyoingiliana, kisha safari lazima itajwe ni ya lipi.

Bahati nzuri fomu ya kimataifa ya mpango wa safari ya ndege ina alama zake. Kisanduku cha 8 huwekwa herufi M kwa ndege ya jeshi. Kisanduku cha 18 huwekwa STS/STATE kwa ndege ya dola, STS/HUM kwa misaada ya kibinadamu na STS/MEDEVAC kwa mgonjwa wa dharura. Tunazisoma kutoka hapo badala ya kumwuliza mtu upya.

Sisi wa kusini tunajua kwa nini hili si la kuchezea. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado wakati huku Mtwara watu wakihamishwa kwa tahadhari. Mwezi mmoja kabla yake, baada ya Kimbunga Idai, ndege za kijeshi za nchi kadhaa zilibeba misaada Msumbiji. Na mapema Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi pale Kilwa. Barabara ikikatika, kinachobaki ni bahari na anga. Ndege ya jeshi letu ikileta msaada Lindi haihitaji kibali cha kidiplomasia, lakini ya jirani itahitaji, na siku ile hakuna atakayekuwa na nafasi ya kusoma kurasa 40 za masharti.

Kwa hiyo mashine ndiyo itakayotoa kibali?

Hapana. Mashine inasema: kibali hiki kinahitajika, masharti ni haya, kimepungua hiki, siku ya mwisho ni hii, na nimefikia jibu hili kwa kanuni namba hizi. Kukubali au kukataa ni uamuzi wa nchi, na nchi inaweza kukataa bila kutoa sababu. Nisingependa kuishi chini ya anga ambalo programu inaruhusu ndege zenye silaha kupita.

Siri je?

Kanuni na safari tumezitenganisha. Kanuni nyingi si siri. Sehemu yake huchapishwa kwenye kitabu cha taarifa za anga cha kila nchi. Safari yenyewe, mzigo na majina ya watu hukaa kwenye hifadhi nyingine yenye ulinzi wake, na kwenye mafunzo tunatumia safari za kubuni tu.

Kuna nchi zinazofanya hivi tayari?

Kupeleka maombi kwa kompyuta kupo. Jeshi la Marekani lina mwongozo wa masharti ya kila nchi, Foreign Clearance Guide, na mfumo wa maombi uitwao APACS. Nchi kadhaa za Ulaya zilikubaliana mwaka 2012 kupunguza makaratasi baina yao kupitia Shirika la Ulinzi la Ulaya. NASA nayo ilitengeneza ontolojia ya uongozaji wa ndege. Lakini kupeleka fomu kwa kompyuta ni jambo moja, na kompyuta kuelewa fomu ni jingine. Masharti yakiwa yameandikwa kwa aya ndefu, bado mtu lazima ayasome.

Si bora kuuliza tu programu za akili mnemba?

Tunazitumia kutupatia rasimu ya kanuni kutoka kwenye aya ndefu, kisha mtu anakagua kila mstari. Kwa jibu lenyewe, hapana. Programu ya kuhitimisha ukiiuliza mara mia itakujibu jambo lilelile mara mia, na itakuonyesha sentensi zilizoifikisha hapo. Ofisa anayeweka saini anastahili hivyo.

Lazima yawe kwa Kiingereza?

La. Anwani ya kitu ni moja, lakini majina yake yanaweza kuwa mengi. FQPB kwetu ina jina la Kiswahili na la Kireno. Ofisa wa Maputo na wa Dodoma wanasoma rekodi ileile, kila mmoja kwa lugha yake.

Mimi ni kijana wa Nachingwea, nina kompyuta ya zamani. Nianzie wapi?

Pakua Protégé, programu ya kuandikia ontolojia ya Chuo Kikuu cha Stanford. Ni bure, na ikishaingia kwenye kompyuta haihitaji intaneti kila saa. Usianze na ndege. Andika ukoo wako: mama, ndugu zake, watoto wao, kisha uone kama programu itawajua wajomba zako wote. Ikimkosa mmoja, tafuta ni sentensi ipi hukuandika. Ukishaweza hilo, andika viwanja vitano: Mtwara, Lindi, Nachingwea, Pemba na Pemba. Halafu njoo Shangani siku yoyote ya Jumanne, Jumatano au Alhamisi baada ya magharibi. Na hapo nasema Jumanne ya kalenda.